Mabanga ya Mdogo Wangu

Tarehe nne ya mwezi wa nane, asubuhi, tulimpoteza mdogo wangu hospitalini, hapa Uvira. Aliugua ini, akapata nafuu, akarudi kazini, kisha akalala tena na hakuamka. Alikuwa kitinda mimba wa mama yetu. Mimi ni wa kwanza. Hakuacha mke wala mtoto. Pikipiki aliyokuwa akiiendesha ilirudi kwa mwenyewe. Vilivyobaki ni nguo zake na wimbo mmoja.

Nyimbo alikuwa nazo nyingi, lakini nyingine zote zilikuwa kichwani mwake na amekwenda nazo. Huu mmoja aliurekodi katika studio ndogo ya mtaa wa Kimanga, iliyo nyuma ya saluni ya nywele, hata ukisikiliza vizuri mwanzoni unasikia mashine ya kukaushia nywele ikizimwa. Ni wimbo wa motari, dereva wa pikipiki ya abiria, kazi aliyokuwa akiifanya. Unaeleza njia ya Luvungi hadi Uvira, vumbi kwenye meno, abiria aliyempakata kuku na kuku anayemdonoa dereva mgongoni. Sehemu ya kwanza ni ya polepole. Kisha gitari linachangamka, ile sehemu ya kuchezesha watu tunayoiita sebene, na hapo ndipo anapoanza kutupa mabanga.

Huku kwetu hili halihitaji maelezo, lakini nalieleza kwa anayesoma akiwa mbali. Mwimbaji akifika kwenye sebene huita majina ya watu. Tunasema amemtupia fulani libanga. Neno ni la Kilingala na maana yake ni jiwe, ila hakuna anayelifikiria jiwe. Ni kumsalimia mtu mbele ya umati. Wanamuziki wakubwa huwaita matajiri, na matajiri hufurahi na kutoa. Mdogo wangu hakuwajua matajiri. Alitupia watu wanne. Wa kwanza ni mama mmoja mwenye duka la dawa Kimanga. Wa pili ni motari mwenzake wa Luvungi. Wa tatu ni rafiki yake wa zamani, wa enzi za kunywa pombe. Majina hayo matatu aliyafuatanisha bila kupumua, kama mtu anayeshuka mteremko. Kisha akavuta pumzi, akaniita mimi, akacheka.

Hakuniita kwa jina langu. Kwetu mwanamke akizaa huitwa mama wa mtoto wake wa kwanza, na jina lake mwenyewe hubaki kwenye karte ya kitambulisho tu. Mtoto wangu wa kwanza alikufa kabla ya kutembea. Alipozaliwa wa pili, watu walianza kuniita kwa jina la huyo wa pili, taratibu, kwa huruma, hata mama yangu, hata mume wangu. Mdogo wangu peke yake hakubadilisha. Wakati ule alikuwa mtoto mdogo wa shule, naye ndiye aliyekuwa akimbeba yule mtoto mgongoni nikienda kwenye cherehani. Sikuwahi kumwuliza kwa nini aliendelea kuniita vile. Nilikuwa naitika.

Tulipokwisha kuondoa kilio na wageni kurudi kwao, nikarudi Kimanga kushona. Siku moja simu ikalia, namba nisiyoijua. Alikuwa mwanamke, sauti ya mtu wa ofisi, akipiga kutoka mji mwingine. Alijitambulisha, akanipa pole ya msiba, kisha akasema kampuni yao inatengeneza aplikasyo ya kuita motari.

"Unagusa simu, mama, motari anakuja mpaka mlangoni."

"Madamu, hapa ukitoka tu mlangoni motari iko pale," nilimwambia. "Wanakuita wenyewe."

Akacheka. "Ni kweli. Lakini mvua ikinyesha?"

"Ikinyesha hata huyo wa simu hatakuja."

Akasema ataliandika hilo. Kisha akaeleza alichotaka. Mmoja wa watu wao alipita Uvira, akausikia wimbo wa mdogo wangu kwenye simu ya motari, akaupenda. Walitaka kipande kifupi cha sebene, kiwe kinalia kila mtu anapofungua aplikasyo. Ila hawawezi kukichukua hivi hivi. Alisema wimbo una wenyewe, na kabla ya kuuweka kwenye simu za watu lazima kila mwenye sehemu yake aseme ndiyo, kwa maandishi.

Nilishangaa. Pale Kimanga, mbele ya meza yangu, kuna vijana wanaojaza nyimbo kwenye simu za watu tangu asubuhi mpaka jioni, na sijasikia hata mmoja akiuliza wimbo ni wa nani. Nilimheshimu yule mwanamke kwa hilo. Nikamwambia tutajaribu.

Mwenye wimbo alikuwa mdogo wangu, na kwa kuwa hakuacha mtoto, sehemu yake ilikuwa ya mama. Baba zetu wadogo wawili walikuja Rugenge kwa mama, tukakaa kama familia, wakakubali, mama akaweka kidole gumba. Mwenye studio alisema hana neno, mradi jina la studio liandikwe vizuri, kwa maana mara ya mwisho walimkosea herufi. Mpiga gitari, ambaye siku hizi anawafundisha wanakwaya, alikubali akiwa amesimama. Malipo yalikuwepo, yalikwenda kwa mama, na hayo sitayasema zaidi.

Kisha wakaomba maneno ya wimbo yaandikwe yote, pamoja na maelezo, kwa Kiswahili safi, kwa sababu wakubwa wao hawako Kongo. Mimi niliishia darasa la sita, na kuandika kwenye simu kunanichosha macho. Nikampa kazi hiyo binti yangu, aliye sekondari. Akaifanya kwa bidii. Mwalimu wao huwakataza kuchanganya Kilingala na Kiswahili, kwa hiyo kila neno la Kilingala akalitafutia la Kiswahili.

Siku chache baadaye madamu akapiga. Sauti yake ilikuwa ya uangalifu.

"Mama, samahani nikuulize. Ndugu yako alikuwa na ugomvi na hawa watu?"

"Watu gani?"

"Wa mwisho wa wimbo. Nimeandikiwa hapa: anamtupia mwenye duka la dawa jiwe. Anamtupia motari wa Luvungi jiwe. Na huyu wa mwisho, mama wa fulani, amemtupia jiwe, kisha akacheka."

Niliyarudia maneno yake moyoni, nikaelewa. Kisha nikacheka, kwa mara ya kwanza tangu msiba, mpaka mteja aliyekuwa akisubiri kupimwa akageuka. Nikamwambia, "Madamu, ni libanga."

"Aa, libanga," akasema, naye akacheka. "Minye ningejua mara moja. Lakini wale wa juu wamesoma mawe, wakasema hii haiwezi kuingia kwenye aplikasyo ya motari. Huku motari wanarushiwa mawe kweli."

Binti yangu alikasirika nilipomsimulia. Alisema yeye ameandika Kiswahili sahihi. Nami nikamwambia ni sahihi, ila libanga likitoka kwenye Kilingala linakuwa zito.

Madamu akawaeleza wakubwa wake mabanga ni nini, na maelezo yale yakazaa tatizo jingine. Mwanzo hawakujua kwamba yale ni majina ya watu walio hai, wenye duka, wenye mtaa. Walipojua, avokati wao, yule mwanasheria, akasema jina la mtu halitumiwi katika biashara bila mwenyewe kukubali. Kila aliyetupiwa libanga atie sahihi. La sivyo, wao wana mashine inayotenganisha sauti na vyombo. Wataitoa sauti, gitari libaki. Madamu akanitumia mfano nisikie.

Nikaenda nao Rugenge. Mama yangu macho yake ni mabovu, lakini masikio ni mazima. Nikamwekea simu sikioni. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Huyu iko nani?"

"Ni wimbo wake, mama."

"Yeye iko wapi mule?"

"Wamemtoa. Ni kwa sababu ya majina."

Akanirudishia simu. "Huyu iko muntu wa gitari. Gitari minye sikulizaa."

Hapo nikajua la kufanya. Sikutaka wimbo uende bila yeye. Kama ni gitari tu, wamwombe mpiga gitari, wasimtaje marehemu wetu. Nikamwomba madamu anipe muda niwaendee watu mmoja mmoja, naye akanipa.

Mama wa dawa alikuwa anapanga maboksi. Nilimweleza, akavua miwani.

"Sasa jina langu litasikika mpaka wapi?"

"Wamesema miji ya huku mashariki kwanza."

"Basi watatoka Bukavu kuja kununua paracetamol kwangu." Akaitafuta kalamu. "Lakini mdogo wako alisema mu wimbo eti minye ni mwembamba kama sindano. Wakija wataona nini?"

"Wataona dawa zinafanya kazi."

"Weye, usinichokoze. Ningekuwa nimekataa." Akatia sahihi, akapiga na mhuri wa duka juu yake, ingawa hawakuuomba.

Luvungi nilikwenda siku ya soko. Motari aliyenibeba alikuwa hamjui mdogo wangu, nami sikumwambia kitu. Yule motari mwenzake wa kwenye wimbo nilimkuta kwenye parking yao, amekaa juu ya pikipiki akimenya muwa. Aliponiona akateremka, akautupa muwa, akanishika mikono miwili. Nilipomwambia nilichokuja nacho, wenzake wakasogea.

"Yaya, hii aplikasyo itatuua," alisema, akiniita dada mkubwa kwa heshima. "Mteja atatuchagua kama anachagua ndizi."

"Weye njo utaoza kwanza," mwenzake mmoja akamwambia. "Saini, uwe staa."

"Minye nisaini kitu cha kuniua?"

"Kimekwisha kukuua. Ona pikipiki yako."

Wakacheka. Yeye hakucheka. Aliniuliza kama akikataa sauti ya rafiki yake itatolewa. Nikamwambia ndiyo, inaweza kutolewa. Akaiweka karatasi juu ya kiti cha pikipiki, akaandika jina lake la karte, na chini yake lile la kwenye wimbo. Kisha akanirudisha Uvira mwenyewe. Tulipita sehemu nyingi ambazo zimetajwa kwenye wimbo, na kila tukipita moja aliionyesha kwa kidevu.

Aliyebaki alikuwa yule wa enzi za pombe. Siku hizi ni shemasi wa kanisa, ana suti, ana watoto wanaosoma vizuri. Alinipokea kwa heshima, mkewe akaleta chai. Jina alilotupiwa katika wimbo ni la utani, lilitoka kwenye aina ya pombe aliyoipenda. Nilimsomea karatasi yote. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Dada, lile jina lilikufa," akasema.

"Najua, baba."

"Minye nikisimama mbele ya waumini, hakuna anayelijua isipokuwa wazee. Sasa likianza kulia kwenye simu za motari, vijana watauliza ni nani. Na watajibiwa."

"Ni kweli."

"Hawawezi kuweka papa shemasi mahali pale?"

"Aliyelitamka hayupo tena. Hawezi kutamka lingine."

Akaangalia chai yake. "Nilimpenda sana yule kijana. Alinibeba nyumbani mara nyingi kwenye moto, ile pikipiki, nikiwa siwezi kusimama. Lakini siwezi, dada. Unisamehe."

Nikamwambia hana kosa. Jina ni lake, na mtu akiwa amelizika jina lake mwenyewe, sioni haki ya mwingine kulifukua. Alituombea kabla sijaondoka, akamtaja mdogo wangu kwa jina la ubatizo, ambalo hakuna aliyekuwa akilitumia. Ilinichukua muda kidogo kuelewa anamwombea nani.

Nyumbani binti yangu alikuwa na njia yake. Alisema lile jina la utani wanalo vijana wengi hapa mjini, tumtafute mmoja atie sahihi, karatasi haina picha.

"Nani atajua, mama?"

"Mdogo wangu hakumwita huyo mwingine," nilimwambia.

Nikampigia madamu, nikamweleza wawili wamekubali na mmoja amekataa. Akasema atazungumza na fundi wao wa sauti. Aliponirudia alikuwa na habari ambazo nilikuwa nimekwisha kuziogopa. Majina matatu ya kwanza yamebanana. Kulitoa la shemasi ni kumkata katikati ya neno, na linabaki shimo linalosikika vibaya. Kwa hiyo yote matatu yataondoka, pamoja na la mama wa dawa na la Luvungi. Ila baada ya hapo anapumua. Wanaweza kuanza gitari peke yake, kisha ile pumzi, kisha jina la nne, na kicheko.

"Basi linabaki moja, mama. Huyu anayeitwa mama wa fulani ni nani? Huyu hujaniletea karatasi yake."

"Ni minye."

Nilisikia akigeuza karatasi. "Karte yako ina jina lingine."

"Karte iko na jina langu. Lile la wimbo ni la mtoto wangu."

"Aa. Basi kuna jina la mtoto mule." Akawa anaandika. "Hapo avokati ataniuliza. Mtoto ana miaka mingapi? Kama hajafika kumi na minane, lazima baba na mama watie sahihi wote wawili."

"Hana miaka, madamu."

"Sijakuelewa, mama."

"Hakufika kutembea. Ni zamani."

Siku hiyo rezo ya simu ilikuwa nzuri kuliko kawaida. Nilisikia mtu ofisini kwake akivuta kiti, na mwingine akiuliza funguo ziko wapi.

"Pole sana, mama," akasema.

"Asante."

"Kwa mtoto hatutahitaji kitu, basi. Ni weye tu. Unakubali?"

Nilikuwa nimezunguka Kimanga, Luvungi, na kwa shemasi, nikiwauliza wengine swali hilo, na sikuwa nimejiuliza. Nilijua ninachokitaka: sauti yake ibaki. Lakini sasa, ili ibaki, ilibidi ibaki kwa jina lile peke yake. Niliogopa litakuwa kelele ya simu, kitu watu wanachokikatisha ili wapate wanachokitafuta. Nikamwambia nitamwuliza baba wa mtoto.

Mume wangu anafanya kazi bandarini Kalundu, anapokea na kutoa mizigo. Nilisubiri Jumapili, tulipokuwa tumekaa kwenye bugali na ndagala, binti yetu akiwa kwaya. Nikamweleza yote. Aliendelea kula kwa muda.

"Watasikia watu wengi?"

"Wale wenye hiyo aplikasyo."

"Na hawatajua ni nani."

"Hawatajua."

Akanawa mikono. Akaifuta taratibu, kidole kimoja kimoja. Kisha akasema, "Alikuwa analia sana, yule."

Nikasema, "Sana."

"Tulikuwa hatulali. Njo mdogo wako tu alimweza. Anamweka mgongoni, anamzungusha kwenye kiwanja, ananyamaza. Minye nilikuwa naona wivu."

Hilo sikulijua. Miaka yote hiyo hatukuwa tumemzungumzia yule mtoto, si kwa ugomvi, ni kwa sababu kila mmoja alidhani anamsaidia mwenzake. Tulizungumza mpaka chakula kikapoa. Alikumbuka kitambaa cha kubebea, cha rangi ya njano, na mimi nilikuwa nimekisahau. Nilikumbuka jino la kwanza lililokuwa linaanza, na yeye hakulijua, kwa sababu alikuwa safarini Kalemie.

Mwishoni akasema, "Kama weye iko na nguvu ya kulisikia, minye pia nitakuwa nayo."

Nikatia sahihi. Yeye naye akatia chini yangu, ingawa nilimwambia hawakuihitaji. Aliandika kwa herufi kubwa: baba. Madamu hakuiuliza wala hakuifuta. Nilimpelekea pia ujumbe mama wa dawa na yule wa Luvungi kwamba majina yao hayatasikika. Mama wa dawa alijibu kwamba basi watu wa Bukavu wamepata hasara. Wa Luvungi hakujibu, ila baada ya siku mbili tatu alinitumia ule wimbo mzima, kana kwamba sina.

Aplikasyo ikafika Uvira mvua zilipoanza. Motari wachache waliichukua, wengine wakaicheka. Binti yangu aliiweka kwenye simu yake, na jioni moja mapema tukaenda naye Rugenge kwa mama. Tulikaa barazani, mlango wa uani ukiwa wazi. Binti akaifungua. Gitari likalia, kisha ile pumzi, kisha akaniita, akacheka. Ikaja ramani ya mtaa, ikanyamaza. Ilikuwa fupi kuliko nilivyodhani.

"Rudisha," mama akasema.

"Hairudishwi, koko," binti akamwambia bibi yake. "Mpaka niifunge, niifungue tena."

"Funga, ufungue."

Akafunga, akafungua. Mama akasema tena. Akawa anafanya vile, mama ameegemeza kichwa karibu na simu, na mimi ninatazama uani. Nilikuwa nimejiandaa kulia na sikulia. Nilikuwa nasubiri kile kicheko kila mara, kama mtu anayesubiri hatua ya mwisho ya ngazi.

Katikati ya hayo pikipiki ikasimama nje.

"Hodi. Nani aliita moto?"

"Hakuna aliyeita," nilisema.

Motari akaingia mpaka kizingitini, kofia ya chuma mkononi. Alikuwa mtu mzima, si kijana, koti lake limelowa mabegani. Akatuonyesha simu. "Hii imenileta hapa. Hapa hapa."

Binti yangu akaiangalia simu yake, akafunika mdomo. Katika kufunga na kufungua alikuwa amegusa mahali pa kuita.

Mama hakuwa ameelewa. Alisema, "Ni mwanangu alikuwa anaita."

"Basi atoke, koko, twende. Iko wapi?"

Nikasimama, nikamwomba radhi, nikamweleza: kwamba tulikuwa tunasikiliza ule wimbo wa mwanzo, na mwimbaji ni mdogo wangu, na hayupo tena.

"Ule wa gitari?" akasema. "Minye naufunga mbiyo, mama, nisikudanganye. Unakula mega za intaneti."

"Hujaufikisha mwisho?"

"Hata siku moja."

"Ufungue sasa," mama akamwambia.

Akanitazama mimi. Kisha akaifunga aplikasyo yake, akaifungua, akainama na kuiweka simu karibu na sikio la mama. Ilikuwa na sauti kubwa kuliko ya binti. Alibaki ameinama mpaka kicheko kikaisha.

"Pale anaita nani?"

"Anaita huyu," mama akasema, akinionyesha.

Motari akanyanyuka. Akalitamka lile jina, mama wa fulani, kama mtu anayeuliza.

"Ndiyo," nilisema.

Simu yake ikalia. Akaisoma. "Iko mteja Kimanga, huyu naona ni wa kweli. Mama, unaelekea kule?"

Nilikuwa na gauni la mteja la kumaliza kabla giza halijaingia. Nikachukua mkoba wangu, nikapanda. Alipokuwa anageuza pikipiki nje, nilimsikia mama akimwambia binti yangu afungue tena, ila asiguse pale pa kuita.